Feni ya Kompyuta Inapokufa: Joto la Prosesa, Taarifa za Mgonjwa na Ngozi ya Mtumiaji

Katika zahanati, vituo vya afya na hospitali nyingi nchini Tanzania, kompyuta imekwisha kuwa kifaa cha huduma kama ilivyo mizani ya kupimia uzito au mashine ya kupimia shinikizo la damu. Kupitia mifumo kama GoTHOMIS mgonjwa huandikishwa, hulipia huduma, huagiziwa vipimo na huandikiwa dawa. Hata hivyo, mizani ikiharibika kila mtu huona. Kompyuta iliyofiwa na feni huendelea kuwaka, kioo chake kinang'aa, vitufe vinaitika, na kwa muda hakuna anayejua kwamba ndani yake kuna kiungo kilichosimama.

Dalili ya kwanza huwa ni uzito. Ukurasa uliokuwa ukifunguka kwa kufumba na kufumbua sasa huchukua nusu dakika. Mhudumu hubonyeza mara ya pili na ya tatu, foleni hurefuka, na maelezo yanayotolewa kwa wagonjwa ni yale yale ya siku zote: mtandao uko chini. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli. Yasipokuwa ya kweli, saa nyingi hupotea katika kumtafuta fundi wa mtandao, ilhali tatizo lipo chini ya kiganja cha mwandishi.

Jambo linalopaswa kueleweka mapema ni hili: prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachofanya mahesabu yote ya kompyuta, ina kinga yake dhidi ya joto. Ikizidiwa itapunguza kasi, na ikizidiwa zaidi itajizima. Visivyo na kinga ya namna hiyo ni taarifa za mgonjwa zilizokuwa zikiandikwa wakati huo, betri iliyo jirani, na ngozi ya mtu aliyeipakata mashine hiyo.

Joto hutoka wapi

Prosesa imejaa swichi ndogo mno ziitwazo transista, ambazo huweza kufunguka na kufungika mabilioni ya mara kwa sekunde. Kila tendo hilo hutumia umeme kidogo, na umeme wote unaoingia humo hatimaye hugeuka kuwa joto. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato hubuniwa kutoa joto la wati 15 hivi kwa kazi ya kudumu. Zile za kompyuta ya mezani ya ofisini, wati 65 hivi.

Wati 65 huonekana kidogo mpaka zilinganishwe na mwili. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100, lakini hulitawanya kupitia ngozi yenye eneo linalokaribia mita 2 za mraba. Kipande cha silikoni kilicho ndani ya prosesa hakizidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Joto lote hilo hulazimika kutoka kupitia mlango huo mwembamba, na likichelewa kutoka, hurundikana papo hapo.

Njia ya kulitoa ina hatua kadhaa. Juu ya prosesa hupakwa uji mzito, mweupe au wa kijivu, ambao kazi yake ni kujaza vijinafasi vya hewa kati yake na chuma. Juu ya uji huo hukaa bamba la shaba au alumini. Katika kompyuta mpakato, mirija bapa ya shaba hulibeba joto hadi kwenye mapezi membamba ya chuma yaliyopangwa karibu na ukingo wa mashine, na hapo ndipo feni husukuma hewa na kulitoa nje. Feni ni hatua ya mwisho tu, lakini ikisimama, hatua zote zilizotangulia hukosa pa kupeleka mzigo wao.

Kufananisha mpangilio huu na damu inayobeba joto kutoka ndani ya mwili hadi kwenye ngozi ni sahihi kwa kiasi, ila kuna tofauti moja ambayo watumiaji wengi huisahau. Jasho linapokauka huweza kuipoza ngozi hata hewa ikiwa na joto kuliko ngozi yenyewe, alimradi hewa hiyo iwe kavu vya kutosha. Feni ya kompyuta haina jasho. Haiwezi kamwe kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Inachofanya ni kuzuia joto lisipande mbali sana juu ya hapo. Kwa hiyo chumba cha kuandikishia wagonjwa chenye nyuzi 34 adhuhuri huifanya prosesa iwe na joto zaidi kwa nyuzi 10 hivi kuliko chumba chenye nyuzi 24, kwa kazi ile ile na feni ile ile. Kompyuta iliyokuwa ikivumilia feni dhaifu mwezi Julai huweza kushindwa mwezi Februari bila kitu kingine chochote kubadilika.

Yanayotokea feni inaposimama

Prosesa iliyo nzima, katika chumba cha kawaida, hukaa kati ya nyuzi 40 na 50 inapokuwa haina kazi kubwa, na hupanda hadi 70 au 80 na kitu inapofanya kazi nzito. Feni ikisimama, kipimo hupanda bila kushuka. Kompyuta ya mezani yenye bamba kubwa la chuma huweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kufika pabaya. Mpakato mwembamba huchukua muda mfupi zaidi. Kadiri silikoni inavyopata joto ndivyo umeme unavyozidi kuvuja ndani ya transista zake hata zisipofanya kazi, na umeme huo unaovuja nao huwa joto. Tatizo hujilisha lenyewe.

Prosesa nyingi za kisasa zimewekewa kikomo cha nyuzi 95 au 100 hivi. Zikikikaribia hupunguza kasi na volti zenyewe. Hapo ndipo uzito unapoonekana kwenye kioo. Joto likizidi kupanda hata baada ya hapo, sakiti ya dharura hukata umeme mara moja. Kinga hii haikuwapo tangu mwanzo. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 tu na haikuhitaji feni wala bamba la chuma. Miaka ya 1990, kasi ilipopanda, feni ikawa jambo la lazima. Pentium 4, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2000, ilikuja na uwezo wa kujipunguzia kasi yenyewe, wakati ambapo baadhi ya prosesa nyingine za zama hizo zingeweza kuungua kabisa katika sekunde chache baada ya bamba lake la kupoozea kuondolewa. Mhudumu wa leo hana sababu kubwa ya kuogopa moshi.

Ana sababu ya kuogopa mambo mengine. Kapasita zenye kimiminika ndani, zilizopo katika kompyuta nyingi za mezani, hufupishwa maisha na joto: kanuni ya jumla ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Diski kuu za kuzunguka kwa kawaida huwekewa mwisho wa nyuzi 60. Betri za lithiamu huchakaa upesi kwenye joto na huweza kuvimba. Mashine iliyofanya kazi miezi sita bila feni, ikijipunguzia kasi kila mchana, huenda ikaacha prosesa nzima ndani ya mwili ulioharibika.

Kumbukumbu zisizo na kinga

Kujizima kwa dharura si sawa na kuzimwa. Kompyuta inapozimwa kwa utaratibu, programu humaliza kuandika, hufunga mafaili na huaga seva. Joto linapokata umeme, hakuna linalomalizwa. Na hapa pana jambo linalostahili kusisitizwa kwa wasimamizi wa vituo: betri ya akiba inayolinda kompyuta umeme wa gridi unapokatika haisaidii chochote katika hali hii. Umeme upo, ni kompyuta yenyewe iliyoukataa.

Mifumo mizuri ya kuhifadhi taarifa hujilinda kwa kiasi. Hukataa kuhesabu kazi iliyoandikwa nusu na hurudi kwenye hali ya mwisho iliyokamilika. Lakini mfumo hauwezi kujua kilichokuwa kichwani mwa mhudumu. Chukua mfano wa mfamasia aliyethibitisha kutoa dawa, mashine ikazimika, ikawashwa upya baada ya dakika tano, naye hana hakika kama uthibitisho uliingia. Akiingiza tena, huenda mgonjwa akaonekana amepewa dozi mbili na ghala likasoma upungufu. Asipoingiza, huenda dawa aliyoitoa isionekane popote, na daktari wa zamu ya usiku akaiandika upya.

Uzito nao una hatari zake, pengine kubwa kuliko za kuzimika, kwa sababu hauonekani kuwa hatari. Kubonyeza mara tatu kitufe kisichoitika kunaweza kutuma ombi moja la kipimo mara tatu. Kufungua jalada la mgonjwa wa pili kabla ya lile la kwanza halijaondoka kwenye kioo ni mlango wa kuandika matokeo ya mtu mmoja katika jalada la mwingine. Hakuna mafunzo ya kutunza taarifa yatakayomlinda mhudumu ikiwa anachokiona kwenye kioo kimechelewa kwa sekunde ishirini nyuma ya anachokifanya.

Kwa sababu hiyo, kompyuta ikizimika ghafla, hatua ya kwanza baada ya kuiwasha ni kufungua jalada la mgonjwa aliyekuwa akihudumiwa na kuhakiki kilichoingia na ambacho hakikuingia, kabla ya kumwita anayefuata. Ikizimika mara ya pili siku hiyo hiyo, irudiwe karatasi. Vitabu vya MTUHA havina prosesa, na mwandiko unaosomeka ndani yake ni bora kuliko mfumo unaokatika kila baada ya robo saa.

Kutofautisha joto na mtandao

Katika tiba, dalili moja huweza kuwa na visababishi vingi, na kazi ya kwanza ni kuvitenganisha. Uzito wa kompyuta nao ni hivyo. Njia rahisi ni kufungua kitu kisichohitaji mtandao kabisa, kama waraka uliohifadhiwa ndani ya mashine au kikokotozi. Nacho kikiwa kizito, mtandao hauna hatia. Ratiba ya tatizo pia huzungumza. Mashine inayoamka vizuri asubuhi na kulemewa kuanzia saa nne, ikapumzishwa wakati wa chakula cha mchana na kurudi na nguvu kwa dakika chache kisha ikaanguka tena, inaashiria joto.

Baada ya hapo sikio na kiganja vitumike. Kompyuta iliyo nzima, ikipewa kazi, hutoa mvumo na pumzi ya hewa ya vuguvugu kwenye tundu lake la kutolea hewa. Tundu likiwa kimya na lisilopuliza, huku sehemu ya chini ya mashine ikichoma kiganja, feni imekufa au imezibwa. Feni inayokaribia kufa hutangulia kulalamika kwa mkwaruzo au mngurumo wa kupanda na kushuka, na wengi hufurahi kelele hizo zinapokoma. Ikumbukwe pia kwamba feni ya kompyuta mpakato husimama kihalali mashine inapokuwa baridi. Ukimya peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Baadhi ya mashine huonyesha ujumbe wa hitilafu ya feni zinapowashwa na kukataa kuendelea. Ujumbe huo huwakera watumiaji, lakini ndiyo tahadhari ya kweli kuliko zote.

Kipimo sahihi cha joto kimo ndani ya prosesa yenyewe. Kompyuta nyingi za mezani hukionyesha katika ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla ya Windows kuanza, na zipo programu za bure zinazokisoma wakati kazi inaendelea. Kipimajoto cha paji la uso kinachotumika kupima homa hakifai. Vingi vimetengenezwa kusoma takriban kati ya nyuzi 32 na 43 tu, hivyo vitaandika hitilafu. Na hata kile kinachosoma zaidi hudanganywa na chuma kinachong'aa, ambacho hutoa mionzi kidogo ya joto na kuonekana baridi kuliko kilivyo.

Kosa la kawaida la matibabu ni kusafisha virusi vya kompyuta. Mtaalamu wa afya atalielewa kosa hilo kwa wepesi. Homa hutokea mwili unapoamua kupandisha kiwango chake cha joto, na parasetamoli hushughulika na uamuzi huo. Kiharusi cha joto hutokea njia za kutoa joto zinaposhindwa, na hapo parasetamoli haina kazi, mgonjwa hupozwa. Kompyuta iliyofiwa na feni ina kiharusi cha joto.

Huduma ya kwanza

Hifadhi kazi, funga programu, zima kwa utaratibu. Hilo lifanyike mashine ingali inaitika, kwa kuwa dakika kumi baadaye huenda isiitike. Ikiwa kituo kina kompyuta nyingine, ile mgonjwa isiwashwe tena mpaka itengenezwe.

Vituo vingi havina nyingine. Mashine pekee ikilazimika kufanya kazi hadi fundi afike, basi ipunguziwe mzigo kwa hiari kabla haijajipunguzia yenyewe. Matoleo mengi ya Windows yana mipangilio ya umeme inayoruhusu kuweka kikomo cha juu cha kazi ya prosesa. Hesabu yake inatia moyo. Joto la kazi hufuata kasi ikizidishwa kwa mraba wa volti. Kasi na volti zikishuka kila moja kwa asilimia 20, joto hilo hushuka karibu nusu, kwani 0.8 ikizidishwa mara tatu ni 0.512. Mhudumu anayeandika majina na namba hatahisi tofauti kubwa, na kasi ndogo isiyobadilika ni salama kuliko kasi kubwa inayoanguka bila taarifa. Video, muziki na kurasa nyingi zilizoachwa wazi zifungwe. Kupunguza mwanga wa kioo huokoa betri lakini hakuisaidii prosesa.

Mashine iinuliwe juu ya meza kwa vitabu viwili vilivyowekwa pembeni ili hewa ipite chini yake, iondolewe juani, na feni ya chumba ielekezwe upande wenye matundu. Isiwekwe juu ya kitanda, mto wala shuka. Katika kompyuta ya mezani, fundi huweza kufungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya kawaida ndani kwa muda. Kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani kisiguswe, kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Barafu, kitambaa kibichi na friji havina nafasi hapa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hewa ya kawaida mno Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, huweka umande juu ya kitu chochote chenye joto chini ya nyuzi 25 hivi. Mashine iliyotolewa kwenye ubaridi itatokwa na matone ndani na nje, na maji kwenye sakiti yenye umeme huua kile ambacho joto lilikiacha hai. Friji ya chanjo haina hata haja ya kujadiliwa: chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kitu chenye moto kikiingizwa humo huhatarisha akiba ya watoto wa kijiji kizima.

Matengenezo

Feni nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa zimezibwa tu. Vumbi husukwa kwenye mapezi ya chuma hadi likawa kama kipande cha blanketi, feni ikawa inazunguka na hewa haipiti. Kusafisha kunatosha. Kazi hiyo ifanywe mashine ikiwa imezimwa, betri imetenganishwa, nje ya jengo, na msafishaji akiwa amevaa barakoa, kwa kuwa vumbi la wodini au la kliniki ya kifua kikuu halipaswi kupuliziwa watu. Mapanga ya feni yashikiliwe yasizunguke wakati wa kupuliza. Kupuliza kwa mdomo huongeza unyevu na hakutoshi.

Feni iliyochakaa hubadilishwa. Mafuta yaliyokauka ndani ya ekseli huweza kurudishwa kwa tone moja, lakini hiyo ni nafuu ya wiki chache. Feni mpya ilingane na ya zamani kwa umbo, volti na idadi ya nyaya. Katika ile ya nyaya tatu, wa tatu huripoti mizunguko. Wa nne, ukiwapo, huongoza kasi. Feni inayozunguka bila kuripoti itafanya mashine nyingine zikatae kuwaka.

Bamba la chuma likiinuliwa, ule uji wa zamani lazima ufutwe na kupakwa mpya, kwa sababu ukishavunjika hauungani. Hufutwa kwa spiriti yenye alkoholi nyingi. Ile ya asilimia 70 inayosafishia ngozi ina maji, hivyo ikitumika kwa kukosa nyingine, iachwe ikauke kabisa. Kiasi cha uji mpya kisizidi punje ya mbaazi. Wapo mafundi wanaopaka kama siagi juu ya mkate. Uji huo hupitisha joto vizuri kuliko hewa, lakini vibaya kuliko chuma, na tabaka nene huwa blanketi jingine.

Betri iliyovimba isibonyezwe wala kutobolewa. Itolewe na fundi na kuwekwa mbali na vitu vinavyoshika moto.

Maelezo haya yanahusu kompyuta za ofisi. Mashine ya ultrasaundi nayo ina kompyuta ndani, yenye feni na vichujio vya vumbi, na kuzimika kwake katikati ya kumpima mama mjamzito ni tatizo la jina jingine kabisa. Mtumiaji asafishe vichujio kwa ratiba iliyoandikwa katika kitabu cha mashine, na asiende mbali zaidi ya hapo. Kuifungua ni kazi ya mhandisi wa vifaa tiba. Mashine za kuzalisha oksijeni, ingawa si kompyuta, hupozwa kwa feni pia, na kichujio kilichoziba humnyima mgonjwa oksijeni taratibu. Inasikitisha kwamba katika bajeti nyingi za vifaa, mashine ina fungu na vichujio havina.

Joto juu ya ngozi

Mpakato usio na feni hauna tena mlango wa kutolea joto, hivyo sehemu kubwa yake hupita kwenye kasha, hasa upande wa chini. Mtu aliyeupakata hulipokea kwenye mapaja.

Madaktari wa ngozi wanazo alama wanazoziita kwa Kilatini erythema ab igne, yaani wekundu utokanao na moto. Zamani ziliwapata watu waliokaa miaka mingi karibu na jiko au moto wa kuotea. Mwaka 2004 iliripotiwa kesi ya kwanza iliyosababishwa na kompyuta mpakato, na nyingine zimefuata. Joto lisilotosha kuunguza, la takriban nyuzi 43 hadi 47, likirudiwa kwa wiki au miezi, huchora juu ya ngozi madoa yaliyosukana kama wavu. Vitabu vingi huonyesha wavu mwekundu. Katika ngozi nyeusi huonekana zaidi kama rangi ya kahawia iliyokolea au weusi, na ndiyo maana hudhaniwa kuwa fangasi au madhara ya vipodozi. Swali la kuuliza ni jepesi: mgonjwa huweka nini juu ya mapaja yake jioni? Tiba ni kuondoa chanzo cha joto. Alama changa hufifia kwa wiki au miezi. Zilizokomaa huweza kubaki, na kwa nadra sana, baada ya miaka mingi, saratani ya ngozi huweza kuzuka mahali hapo. Kidonda kisichopona juu ya alama hizo kichunguzwe.

Kuungua kwenyewe hutegemea joto na muda kwa pamoja. Uchunguzi maarufu wa Moritz na Henriques, uliochapishwa mwaka 1947, ulionyesha kwamba ngozi huweza kuungua hata kwa nyuzi 44 ikiwa mguso utadumu saa 6 hivi, na kwamba muda huo hufupika upesi sana joto linapoongezeka. Mtu mwenye hisia timamu husogeza mguu muda mrefu kabla ya hapo. Asiyesogeza ni yule ambaye neva zake zimeharibiwa na kisukari au ukoma, aliyeumia uti wa mgongo, aliyelala kwa dawa, au mtoto mchanga aliyelazwa kando ya mashine iliyoachwa ikichaji kitandani.

Wanaume huuliza kuhusu uzazi. Korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na nyuzi kadhaa chini ya joto la mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 nchini Marekani uliwapima wanaume 29 waliopakata kompyuta kwa saa moja, ukaona joto la mfuko wa korodani likipanda kwa nyuzi 2.6 hadi 2.8. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kubana mapaja tu, ambako peke yake kulipandisha joto kwa nyuzi 2.1. Utafiti huo haukupima mbegu wala mimba, kwa hiyo hauthibitishi ugumba. Unatosha kumshauri mwanamume anayetafuta mtoto aiweke mashine mezani.

Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake ina ganzi asiipakate kompyuta kabisa, iwe feni yake ni nzima au mbovu, na asitegemee mapaja wala nyayo kumwambia kama kuna joto. Aguse sehemu ya chini ya mashine kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, iwapo huko hisia bado ipo, au amwombe mtu mwingine aiguse. Akikuta lengelenge au doa jipya asilojua lilikotoka, asilitumbue wala kulipaka chochote. Afike kliniki siku hiyo hiyo, hata kama haliumi.